Pikofaradi Tatu

Hiltje Kooistra alikaa meza ya tatu kutoka dirishani, mimi Gerbrich nikakaa ya nne, kwa miaka tisa. Kiwanda kilikuwa pembeni mwa mji, huku kwetu Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, ng'ombe wakilisha mpaka kwenye uzio. Tulitengeneza oskiloskopu, ile mashine yenye kioo cha kijani inayouchora umeme ili fundi auone kwa macho. Wanaume walizibuni na wanaume waliziuza. Sisi wanawake kumi na mmoja wa chumba cha urekebishaji ndio tuliozifundisha kusema kweli.

Kila mmoja wetu alikuwa na muhuri wenye namba yake. Ukimaliza mashine, unadondosha rangi nzito nyekundu juu ya skrubu ya kifuniko na kuigonga muhuri kabla haijakauka. Wangu ulikuwa 38, wa Hiltje 41. Mashine ikirudi kutoka popote duniani, mtu alitazama ile rangi na kujua nani wa kumuuliza.

Hiltje hakuwa na cheti ila cha shule ya mapishi. Alikuwa amekamua ng'ombe miaka ishirini kabla ya kuja kiwandani, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mwanamume, lakini akishika bisibisi ya plastiki huoni hata kidole kikitikisika. Watu wa kijijini walimjua kwa jambo moja. Mumewe alipofariki, mwenye shamba alimtaka ahame nyumba kabla ya Pasaka. Alihama mwezi wa tisa, baada ya kuvuna viazi alivyovipanda mwenyewe.

Mwaka huo wa 1971 alikuwa amechukua likizo ya majuma mawili kumwuguza dada yake Groningen. Alirudi Jumanne baada ya Pasaka. Tulikunywa kahawa ya saa nne, tukala mkate wa sukari aliotuletea, kisha akavuta mashine yake ya kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Mashine ina tundu la kuingizia umeme, na tundu hilo, kama sifongo, hunywa umeme kidogo kabla ya kuupitisha. Kiasi linachokunywa ndicho kapasitansi yake. Tunakipima kwa pikofaradi, kipimo kidogo mno, hata ukiusogeza mkono karibu na waya umeshakibadilisha. Mashine zetu zilitakiwa kunywa pikofaradi ishirini katika kila ngazi ya swichi, na kila ngazi ilikuwa na skrubu yake. Chumba kizima kilikuwa na kisanduku kimoja cha shaba, ukubwa wa kiberiti, kilichoandikwa 20. Unakichomeka mdomoni mwa mashine, unapitisha wimbi la mraba, unatazama kioo. Bega la wimbi likilegea, tundu linakunywa kupita kiasi. Likichomoza pembe kama ya mbuzi, linakunywa kidogo. Unazungusha skrubu mpaka wimbi lisimame mraba kama tofali.

Hiltje alizungusha, akasimama. Akaivuta mashine ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu hakuigusa. Aliitazama tu.

"Gerbrich," akaniambia, "skrubu ya ngazi ya kwanza wewe unaiacha wapi siku hizi?"

"Wapi vipi?"

"Mimi niliondoka ikiwa inasimama katikati. Leo nimeifungua mpaka karibu idondoke ndipo bega likasimama. Zote mbili."

Nikamwambia labda ni toleo jipya la skrubu. Akacheka kwa pua.

"Labda. Na labda mashine zote zimekunywa pombe ya Pasaka."

Aibu yangu ninaitaja mapema, nisionekane mjanja. Skrubu zile zilikuwa zimefunguka vile kwa majuma mawili, na sisi kumi tuliobaki tulizifungua kila siku bila kujiuliza. Kisanduku kilisema wimbi limenyooka, tukaridhika.

Hiltje alikichomoa kile kisanduku na kwenda nacho kwa msimamizi wetu, Tjalling Bouwsma. Walikuwa wametoka kijiji kimoja na kusoma darasa moja, kwa hiyo hapakuwa na heshima nyingi kati yao.

"Tjalling, hiki kisanduku kinadanganya."

Tjalling hakuinua kichwa. "Kimetoka chumba cha vipimo majuma mawili yaliyopita. Karatasi yake hii hapa. Ishirini kamili."

"Karatasi haina skrubu. Nenda kaangalie mashine."

"Hiltje, mashine sitini zinaondoka Ijumaa. Zinakwenda kwa watu wanaotengeneza rada za meli. Unajua nani ameshanipigia simu leo mara mbili?"

"Sijui, na skrubu hazijui pia."

"Rekebisha kwa kisanduku, gonga muhuri, mchezo umekwisha."

"Kurekebisha naweza. Muhuri sigongi."

Ndipo Tjalling akainua kichwa. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu asiyegonga muhuri hana kazi katika chumba kile. Hiltje akamjibu kwamba kama ni hivyo ampe kazi nyingine, maana namba 41 ni yake, si ya kiwanda. Mchana huohuo alipelekwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo, kufuta vumbi kwenye vifuniko kwa kitambaa na spiriti. Alifuta. Alifuta vizuri kuliko yeyote aliyewahi kukaa pale, na kila tulipopita alitutazama usoni mpaka tukainamisha macho.

Mashine zake zililetwa kwangu.

Jumatano asubuhi niligonga muhuri sita. Mume wangu alikuwa na mgongo mbovu, nilikuwa na watoto watatu, sikutaka kwenda kukaa mlango wa choo. Hizo ndizo sababu zangu, na nilizisema moyoni kila nilipodondosha rangi. Kwenye mashine ya saba nilikwenda chooni bila kuwa na haja.

"Umegonga ngapi?" Hiltje akaniuliza bila kuacha kufuta.

"Sita."

"Haya."

"Hiltje, ni kitu kidogo mno. Nani atakijua?"

Akaweka kitambaa chini. "Sikiliza, mwenzangu. Kuna fundi yuko Harlingen, au Norway, sijui. Ana mashine yetu ya mwaka juzi na waya wa kupimia alioulinganisha nayo. Ananunua hii mpya. Anauchomoa waya kwenye ya zamani, anauchomeka kwenye mpya, anapima rada. Kioo kinamwonyesha pembe isiyokuwepo. Atafanya nini?"

Nikakitazama kile kitambaa chake.

"Atatafuta ugonjwa kwa mtu asiyeumwa. Atafungua rada isiyo na kosa, siku nzima, meli ikimsubiri. Na jioni atajiona yeye ndiye mjinga. Mimi sitaki mtu ajione mjinga kwa sababu yangu."

Nilirudi mezani. Ile ya saba sikuigonga. Niliisogeza pembeni nikajifanya natafuta bisibisi.

Saa nane mchana alishuka Mhandisi Terwindt, mkubwa wa uzalishaji. Alikuwa ametoka The Hague miaka minne nyuma, mrefu, msafi, na hakuwa amejifunza hata neno moja la Kifrisia. Sisi sote tunajua Kiholanzi, na kiwandani tulikizungumza naye. Siku ile Hiltje alimjibu kwa Kifrisia, kila neno, na Tjalling akalazimika kusimama katikati kama mkalimani, masikio yakimwiva.

"Bi Kooistra, naambiwa umegoma."

"Mwambie sijagoma. Nafuta vumbi."

"Anasema hajagoma, Bwana Mhandisi."

"Una ujuzi gani wa umeme, Bi Kooistra?"

"Mwambie sina. Nina macho. Mwambie skrubu inayosimama katikati kwa miaka tisa haihami yenyewe."

Tjalling alitafsiri, akiacha nusu. Terwindt akaeleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba kisanduku kimepimwa kwa chombo cha gharama kubwa na mtu mwenye diploma, kwamba skrubu za toleo jipya huenda zinatofautiana, na kwamba kiwanda hakiwezi kuongozwa na hisia. Kisha akasema kwamba kufikia Ijumaa mashine zote sitini ziwe na muhuri, na kwamba ule wa 41 unaweza kushikwa na mkono mwingine kama mkono wake umechoka.

Hapo Hiltje alizungumza Kiholanzi, taratibu, ili pasiwe na haja ya mkalimani.

"Muhuri wangu uko mfukoni mwangu. Aliye na hamu nao aje auchukue."

Hakuna aliyekwenda. Terwindt alitazama saa yake, akapanda ngazi.

Alhamisi Hiltje hakuonekana kazini. Tjalling aliandika jina lake kwenye daftari, akaweka kalamu, akaishika tena. Ilipofika saa tatu tulisikia honi langoni. Lilikuwa lori la maziwa la shemeji yake, na katikati ya makopo ya maziwa, imefungwa kwa blanketi la farasi, ilikaa oskiloskopu. Hiltje alishuka na buti za shambani. Alikuwa ameendesha baiskeli alfajiri, upepo ukimpiga usoni, mpaka shule ya ufundi ya mji wa jirani, akamkuta mwalimu aitwaye Sietsma akifungua milango. Shule ilikuwa na mashine yetu iliyonunuliwa vuli iliyopita. Alikuwa amemwambia mwalimu, "Nikopeshe mashine yako mpaka saa kumi, nitakurudishia na samli."

Bawabu alikataa kufungua lango. Vitu vinatoka kiwandani kwa karatasi, akasema, na vinaingia kwa karatasi.

"Basi leta waya wa umeme hapa langoni," Hiltje akamwambia. "Nitapimia juu ya lori. Wenye ng'ombe watazame nao, wana haki."

Bawabu akapiga simu. Tulikuwa tumeshajaa dirishani, wote, hata wale wa chumba cha nyaya. Terwindt akashuka bila koti. Nafikiri alichoogopa ni lile lori na watu waliokuwa wanaanza kusimama barabarani. Akaamuru lango lifunguliwe.

Mashine ina uzito wa kilo ishirini na nane. Hiltje na shemeji yake waliibeba mpaka meza yake ya zamani, ya tatu kutoka dirishani, na yeye akaigeuza ili kila mtu aone kifuniko. Rangi nyekundu haikuwa na ufa. Namba 41, tarehe ya mwezi wa kumi.

"Iwashe, iache ipate joto," akasema. Tukasubiri nusu saa. Hakuna aliyefanya kazi na Tjalling hakumwambia mtu afanye.

Kisha akaomba kisanduku. Tjalling mwenyewe ndiye aliyekileta. Hiltje akakichomeka, akapitisha wimbi, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, asije mtu akasema ameisogeza. Kwenye kioo bega la wimbi lilikuwa limelegea kama godoro bovu.

Terwindt aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Mashine ya shule," akasema. "Wanafunzi. Imebadilika yenyewe."

"Kifuniko hakijafunguliwa," nikasema.

Sijui nani alikuwa ameshtuka zaidi, yeye au mimi. Sauti ilikuwa imetoka, basi nikaendelea. "Na kama ni hii tu, tulete nyingine. Chumba cha matengenezo kuna mashine za wateja. Moja imevunjika kitasa, moja taa imeungua. Hazina kosa kwenye tundu. Zina mihuri ya wengine."

Terwindt alimtazama Tjalling. Tjalling alinitazama mimi, kisha akatikisa kichwa kuwaita wanaume wawili. Zililetwa tatu. Moja ilikuwa na muhuri 35, moja 44, na ya tatu 38, mkono wangu mwenyewe wa miaka miwili iliyopita. Tukazipasha joto, tukazipima moja baada ya nyingine, Tjalling akichomeka na Hiltje akiwa amekaa kwenye stuli mbali, akila tufaha. Bega likalegea kwenye zote tatu, kwa kipimo kilekile: kilichobadilika kilikuwa kisanduku.

Ya mwisho ilipoonekana, Terwindt alikichomoa kisanduku, akakifunga kwenye leso yake, akatoka nacho. Chumba cha vipimo kilikuwa ghorofa ya juu. Alikaa huko saa moja na nusu.

Tulikuja kujua baadaye kilichotokea. Majuma mawili nyuma kisanduku kilikuwa kimeanguka sakafuni, kikapelekwa juu, na Folkert wa chumba cha vipimo, mtu mwangalifu kwa kawaida, alikirekebisha kikiwa kimeungwa na kipande cha waya mrefu kuliko desturi. Waya nao hunywa umeme wake. Folkert alisahau kuutoa kwenye hesabu. Chombo kilisema ishirini, naye akaandika ishirini, lakini tatu katika hizo zilikuwa za waya. Kisanduku chenyewe kilibaki na kumi na saba.

Terwindt aliporudi alisimama mlangoni, akatangaza kwamba mashine sitini zitarudiwa zote na mteja ataambiwa asubiri juma moja. Hiltje arudi mezani pake. Alisema hayo kwa Kiholanzi kizuri, na ningemsifu kwa jinsi alivyoyasema, lakini alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Na zilizokwisha kwenda?" Hiltje akauliza.

Akasimama.

"Kisanduku kilikuwa hapa majuma mawili," Hiltje akasema. "Zimeondoka ngapi, Tjalling?"

Tjalling alilijua jibu bila daftari. "Tisini na mbili."

Terwindt akasema kwamba kila moja katika hizo, ikitazamwa peke yake, inapima sawasawa mradi waya wake umelinganishwa nayo. Hilo lilikuwa kweli. Akasema tofauti ni ndogo, wateja hawatang'amua, na kuandikia watu tisini na wawili kwamba kiwanda kimekosea ni kujichafua kwa hiari. "Suala hilo limefungwa," akasema.

Hiltje aliingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri, akauweka juu ya meza. Hakuupiga, hakuutupa. Aliuweka tu, namba ikiangalia juu.

"Hizo tisini na mbili hazina hata moja yangu," akasema. "Nilikuwa Groningen. Kwa hiyo mimi sina la kusema juu yake."

Halafu akatutazama sisi.

Nilikuwa nazo kumi na tatu katika zile. Nilizihesabu usiku kitandani na ninaikumbuka idadi mpaka leo. Nilisimama, nikatembea hatua nne, nikauweka wangu karibu na wake. 38. Nyuma yangu nikasikia stuli ikisukumwa. Aliyefuata alikuwa Jeltje, mkubwa wetu kwa umri, aliyekuwa amebakiza miezi mitano astaafu, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga hata kasisi. Kisha wale wa upande wa ukutani, wawili wawili. Walipomaliza, mihuri kumi na mmoja ilikuwa juu ya meza ile.

"Hii ni nini?" Terwindt akauliza.

Jeltje ndiye aliyejibu. "Ni yetu, Bwana Mhandisi. Barua zikiandikwa tutaichukua."

"Na zisipoandikwa?"

"Basi utatafuta mtu wa kuzigonga hizo sitini."

Terwindt alimgeukia Tjalling, akingoja afanye kazi ya msimamizi. Tjalling alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Mwishowe akasema, kwa Kifrisia, bila kumtafsiria mtu, "Mimi nitaziandika hizo barua. Nipeni anwani."

Tulikaa mikono mapajani siku ile mpaka kengele ya kutokea, na Ijumaa asubuhi vilevile. Mihuri ilikuwa palepale, hakuna aliyethubutu kuigusa usiku, hata mfagiaji aliipitia meza ile kwa mbali. Saa tano Terwindt aliwatuma makarani wawili wa ofisi na mashine za kuchapia. Barua ya kwanza ilisomwa mbele yetu. Ilisema, kwa maneno machache, kwamba kipimo cha kiwanda kilikuwa na kosa, na kwamba mashine itachukuliwa, itarekebishwa na kurudishwa. Hiltje aliomba neno moja libadilishwe. Walikuwa wameandika "huenda". Likafutwa.

Zilirudi themanini na nane kati ya tisini na mbili. Tulizirekebisha kwa kisanduku kipya, na kila ilipokuja ya kwangu niliivunja rangi mwenyewe. Fundi mmoja wa Bergen alituma pamoja na mashine yake karatasi ndogo, ameandika kwamba alishakaa siku mbili akiipekua rada ya meli ya mizigo na kuanza kudhani macho yake yameharibika. Hiltje aliisoma, akanipa niisome, akaitia kwenye droo.

Folkert hakufukuzwa. Hiltje ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba kusahau waya kunaweza kumpata yeyote, na kwamba neno lake halikuwa juu ya Folkert. Tjalling hakuzungumza na Hiltje isipokuwa ya kazi mpaka majira ya joto, kisha siku moja alimletea ndoo ya maharage, wakarudia kutukanana kama zamani.

Hiltje mwenyewe hakupandishwa cheo. Mwezi wa tano alipata barua ya onyo, kwa kosa la kuingiza chombo kiwandani bila kibali na kutofika kazini kwa wakati. Ilitakiwa aisaini na kuirudisha ofisini. Aliisoma mara mbili, akasema yote yaliyomo ni ya kweli, na kwamba hataisaini. Karani alikuja kuifuata kila Ijumaa, mwezi mzima, na mwishowe akaichukua hivyohivyo.

"Nipe tu saini, Bi Kooistra, nilifunge faili."

"Faili lako liko wazi, mwanangu? Liache lipate hewa."

Terwindt alihamishwa mwaka uliofuata. Hiltje alifanya kazi miaka kumi na mmoja mingine katika meza ile, na siku ya kustaafu kwake waliipata ile barua kwenye jalada lake, kwenye mstari wa saini pakiwa peupe.